Kichwa cha farasi si usukani

Mhariri,

Ukurasa wenu wa michezo wa Jumamosi iliyopita ulikuwa na makala fupi juu ya dresaji, mchezo wa farasi aliyefunzwa kutii ishara za mpandaji uwanjani, na chini yake swali la msomaji. Makala ilisema farasi wa dresaji "hufundishwa kucheza kwa kuinamishwa kichwa". Msomaji naye aliuliza: amepanda farasi zaidi ya miaka kumi, ameruka vizuizi, amecheza polo, amewatembeza watalii porini, je, dresaji itamchukua wiki ngapi? Tunayajibu yote mawili kwa pamoja kwa kuwa kosa lake ni moja. Farasi hafundishwi dresaji kwa kuinamishwa kichwa, na mpandaji mzoefu huchelewa kwa kuamini hivyo hivyo. Anakuja akidhani kazi iko mikononi mwake, kumbe iko kwenye miguu ya nyuma ya farasi, ambayo wala haioni.

Dresaji ni neno la Kifaransa lenye maana ya kufunza. Kucheza hakumo. Yale mliyoyaona kwenye Olimpiki, piafe (troti ya papo hapo), pasaji (troti ya polepole ya kuinua miguu juu) na piruweti ya kanta (kuzunguka karibu mahali pamoja), ni darasa la mwisho la shule ambayo darasa lake la kwanza ni farasi kwenda hatua ya kawaida kwa mdundo usiobadilika, kwenye mstari ulionyooka, na kusimama akiambiwa. Ngazi za mafunzo zinazofuatwa karibu kila mahali zilitoka kwa wapanda farasi wa jeshi la Ujerumani, nazo ni sita: mdundo, ulegevu wa mwili, mshiko wa hatamu, msukumo, unyoofu, na mwisho kabisa kujikusanya, yaani farasi kubeba uzito zaidi kwa miguu ya nyuma. Mshiko uko wa tatu. Kuinama kichwa hakumo kabisa. Ni jambo linalokuja lenyewe zile tatu za kwanza zikishakaa, kama jasho linavyomtoka anayelima. Huwezi kumwagia mtu maji usoni ukasema amelima.

Mwendo ni wa aina tatu. Hatua, yaani kutembea, ina vishindo vinne; troti, yaani mchakamchaka, viwili; kanta, yaani mbio za polepole, vitatu, kisha kipindi kifupi ambapo kwato zote ziko hewani. Wazee wa Pwani walikuwa na maneno yao kwa punda na farasi: telki kwa ule mwendo mwepesi wa haraka, na matiti kwa troti. Hilo la pili ukilitamka leo mbele ya vijana somo limekwisha, kwa hiyo tutabaki na troti, kama wanavyosema masaisi wenyewe.

Mzoefu huja na mali, na huja na madeni. Mali ni usawa wa mwili, kutoogopa farasi akiruka kando, na jicho linalojua farasi anachechemea kabla ya daktari kuitwa. Madeni hutegemea alikotoka. Aliyeruka vizuizi huinama mbele na hupanda kwa vikuku (vikanyagio vya miguu) vifupi. Wa polo hushika hatamu kwa mkono mmoja na kugeuza kwa kugusisha hatamu shingoni, hivyo mkono wake wa nje, ule wa upande asiopindia farasi, haujui kazi yoyote. Wa safari huacha hatamu zining'inie na kumpigia farasi ulimi kila baada ya hatua tatu. Wa mbio ndiye mwenye deni kubwa kuliko wote, kwa kuwa yeye na farasi wake wamezoea kuegemeana mdomoni: hatamu ikikazwa, farasi hukaza naye na kuongeza mwendo. Ikumbukwe kwamba farasi wengi wanaofanyishwa kazi hii Nairobi ni wale waliostaafu mbio za Ngong. Unapomvuta ili apunguze, yeye anasikia umemwambia akimbie.

Tuanze na tandiko, kwani hapo ndipo makosa mengi huzaliwa. Tandiko la kurukia lina bawa, ile ngozi pana ya ubavuni, lililosogea mbele ili goti lipate pahali pa kukaa vikuku vikiwa vifupi. Ukirefusha vikuku juu ya tandiko hilo, paja linataka kushuka wima na bawa linalisukuma mbele. Utajikuta umekaa kama uko kwenye kiti cha kinyozi, miguu mbele, mgongo nyuma. Tandiko la dresaji lina bawa lililonyooka chini na kiti chenye kina zaidi. Si lazima ulinunue siku ya kwanza, ila azima moja angalau mara moja kwa wiki. Lisimguse farasi pale shingo inapokutana na mgongo: ukishapanda, vidole viwili hadi vitatu vipite kati ya upinde wa tandiko na mfupa. Manyoya meupe yakiota mahali pamoja mgongoni, tandiko limekuwa likifinya hapo kwa muda mrefu, na farasi huyo hawezi kulegeza mgongo hata umfundishe nini.

Urefu wa vikuku: toa miguu, iache ining'inie, kisha kikanyagio kiguse mfupa wa kifundo cha mguu. Aliyezoea kuruka anaweza kuhitaji kushusha matundu manne. Asiyashushe siku moja. Tundu moja kila wiki mbili linatosha, kwa kuwa misuli ya mbele ya nyonga inahitaji muda wa kurefuka; ukiharakisha, mguu hutafuta kikuku kwa vidole, kisigino hupanda, na goti hubana ili usianguke. Goti likibana, kiti kinainuka kutoka kwenye tandiko na wewe unakuwa kibanio cha nguo. Kipimo ni mstari wa wima unaoshuka kutoka sikioni, begani, nyongani hadi kisiginoni. Mtu akikuondolea farasi ghafla, ungepaswa kutua ukiwa umesimama.

Mazoezi ya kamba yanawakera wazoefu kuliko yote kwa sababu wanayaona ya watoto. Mwalimu anamzungusha farasi kwa kamba kwenye duara lisilopungua mita 15, nawe huna hatamu, na baadaye huna hata vikuku. Dakika 20 zinatosha, ukibadilisha upande kila baada ya dakika tano au saba. Weka mkono mmoja nyuma ya kiuno, mwingine juu ya paja, kisha badilisha. Kazi ni kukaa troti bila kurukaruka. Anayerukaruka huwa anafanya moja kati ya mambo mawili: amezuia pumzi, au amebana mapaja. Hesabu kwa sauti, moja hadi kumi na mbili. Anayehesabu kwa sauti analazimika kupumua. Ukifika kumi na mbili, inuka na ushuke kwa mdundo wa troti mzunguko mmoja, halafu kaa tena. Dakika kumi mfululizo za kukaa vibaya zinamfundisha farasi kukaza mgongo, na hilo utalilipia miezi mingi.

Kuinuka na kushuka nako kuna upande. Unainuka bega la nje la farasi linapokwenda mbele, unakaa linaporudi. Wengi wanajua hivyo ila hawajui sababu. Bega la nje huenda pamoja na mguu wa nyuma wa ndani. Mguu huo unapoinuka, na wewe unainuka. Hapo hapo ndipo shavu la mguu wako wa ndani linaweza kuuomba uingie mbele zaidi chini ya tumbo. Ukisukuma wakati mguu huo umekanyaga chini na kubeba uzito, farasi hana la kufanya nao. Atakukunjia mkia tu.

Sasa uwanja. Mdogo ni mita 20 kwa 40, mkubwa 20 kwa 60, na mtu yeyote mwenye kiwanja cha usawa anaweza kuupima kwa kamba, chokaa na mitungi ya lita 20 iliyokatwa na kuandikwa herufi. Pembe zikikaa vibaya, kila kitu kitakaa vibaya, kwa hiyo pima ulalo kutoka kona hadi kona: uwanja mdogo mita 44.72, mkubwa mita 63.25, na milalo yote miwili ilingane. Unaingilia A, jaji mkuu anakaa C kwenye upande mfupi wa pili. Katika uwanja mdogo herufi za ubavuni ziko mita 6 kutoka kona, kisha mita 14, kisha 14, kisha 6. Ukizunguka kwa mkono wa kulia kuanzia A utapita K, E, H, C, M, B, F. Watoto wa shule hukariri hivi: Asha Kala Embe Halafu Chungwa, Mama Bila Futari. Uwanja mkubwa unaongeza V na S upande wa E, R na P upande wa B, na umbali kati ya herufi hizo za ubavuni ni mita 12 badala ya 14, zile 6 za konani zikibaki vile vile. Katikati kabisa, kwa viwanja vyote viwili, ni X.

Aliyezoea pori huona vipimo hivi kama urasimu. Sivyo. Duara la mita 20 ndicho kioo cha farasi wako. Katika uwanja mdogo duara linaloanzia A linagusa A, linagusa ubavu mmoja mita 10 kutoka kona, yaani mita 4 baada ya K, linapita X, kisha linagusa ubavu wa pili mahali kama hapo karibu na F. Pointi nne, basi. Weka vizibo au mawe mawili mawili kwenye kila pointi na upite katikati yake. Kosa la kwanza ni kuingia konani. Ukiingia kona umechora yai. La pili ni kuendelea na ubavu hatua tatu badala ya kuugusa na kuuacha. Mzingo wa duara ni karibu mita 63, kila robo ni kama mita 15.7, hesabu hatua za troti katika kila robo. Ukipata sita, sita, nane, sita, basi katika robo ya tatu farasi alifupisha hatua, na ukitazama utakuta ama alikuwa anaelekea langoni ama anatoka langoni. Ni mdundo uliopotea, ngazi ya kwanza kabisa, na mtu huyo huyo atakuuliza lini atafundishwa piafe.

Farasi akitanua duara kwa bega la nje, mkono wa mzoefu huvuta hatamu ya ndani. Shingo inapinda, bega linazidi kutoka, kama mkokoteni unaovutwa mpini huku magurudumu yakiteleza kando. Dawa iko upande wa pili: hatamu ya nje ishikwe imara bila kuvuta, paja la nje lisogee karibu, na mguu wa ndani uombe mbavu zipinde. Walimu husema "mguu wa ndani kwenda hatamu ya nje" hadi inachosha masikio, ila hakuna njia ya mkato. Ndani maana yake ni upande farasi anaopindia, hata kama ukuta uko upande mwingine.

Tumefika mikononi, na hapa tutakaa kidogo. Ngumi mbili, vidole gumba juu, umbali wa sentimita 10 hivi kati yake, mbele kidogo ya tandiko. Kutoka kiwiko, kupitia mkono, hadi lijamu, kile chuma cha mdomoni mwa farasi, uwe mstari mmoja ulionyooka ukitazamwa kwa ubavu. Mkono ukishuka chini ya mstari huo, lijamu inakandamiza ufizi. Ukipanda juu mno, inavuta pembe za mdomo. Mkono wa dresaji hautulii kwa kukaa mahali pamoja. Katika hatua na kanta kichwa cha farasi kinakwenda mbele na kurudi, na kiwiko lazima kifunguke na kufunga nacho. Katika troti kichwa hakisogei, ila wewe unainuka, kwa hiyo kiwiko kinafunguka wewe unapopanda ili mkono ubaki pale ulipo. Mtu aliyekaza kiwiko huona mikono yake imetulia kwa kuwa haisogei machoni pake. Farasi anapata kofi dogo la mdomo kila hatua.

Kituo-nusu, ishara fupi ya kumtuliza farasi bila kumsimamisha, ndicho chombo kikuu na ndicho kinachoharibiwa zaidi. Farasi akiwa kwenye troti, jirefushe kiunoni huku ukitoa pumzi; mapaja yabane kidogo; mashavu ya miguu yaguse mbavu kumwambia aendelee kuleta miguu ya nyuma; na wakati huo huo vidole vya mkono wa nje vifunge kama unavyokamua nazi kupata tui. Hatua moja. Kisha achia. Kinachomfundisha farasi ni kule kuachia. Mzoefu hufunga vidole na kungoja apate jibu, hatua ya pili, ya tatu, ya tano, na kufikia hapo farasi wa kilo 500 amepata kitu cha kuegemea na ameegemea. Mtakuwa kama wawili wanaosukumana mlangoni, kila mmoja akimlaumu mwenzake. Hakujibu? Achia, rudia baada ya hatua mbili. Bado? Nenda hatua, anza upya. Kwa farasi aliyetoka mbio, fanya vituo-nusu vifupi vitatu vinne mfululizo badala ya kimoja kirefu, kwani mvuto mrefu ndio lugha ya mbio anayoijua.

Utajuaje kama mshiko ni wa kweli? Kwenye duara, sogeza mkono wa ndani mbele juu ya shingo kwa hatua mbili tatu hadi hatamu ilegee. Farasi mwenye usawa wake ataendelea vile vile: mdundo ule ule, duara lile lile. Akiongeza mwendo, ulikuwa umembeba. Akiangukia ndani, ulikuwa umemzuia kwa hatamu na si kwa mguu. Jaribio la pili: mwachie hatamu zote mbili polepole kwenye troti. Inatakiwa azifuate mbele na chini, pua ifike kiasi cha usawa wa ncha ya bega, mgongo upande chini ya tandiko. Akinyanyua kichwa juu kama anayetafuta mtandao, basi kule kuinama ulikokuwa ukijivunia kulikuwa kwa kufungwa, si kwa kufunzwa.

Na hapa makala yenu ndipo ilipopotosha. Katika farasi anayefanya kazi sawasawa, sehemu ya juu kabisa ya shingo ni utosi, pale nyuma ya masikio, na uso uko mbele kidogo ya mstari wa wima, au unaugusa. Uso ukirudi nyuma ya mstari huo, shingo ikavunjika katikati kama bomba lililopinda, ni kosa, hata kama picha inapendeza. Kumkunja farasi shingo kwa nguvu kulileta ugomvi mkubwa Ulaya, na mwaka 2010 shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, lilitamka kwamba kukunja huko kwa kutumia nguvu hakukubaliki. Hatamu za kuvuta, zile zinazopita kwenye lijamu na kufungwa kwenye mkanda wa tumbo, ndizo njia ya mkato inayouzwa zaidi kwa wanaoanza. Kwetu sisi, mtu mwenye mwaka wake wa kwanza wa dresaji hana haja ya kuwa nazo hata ndani ya sanduku. Zinatoa umbo siku hiyo hiyo na kuua mguu wa nyuma.

Anayedhani ni suala la nguvu amkumbuke Lis Hartel wa Denmark. Polio ilimpooza miguu chini ya magoti. Mwaka 1952 huko Helsinki, Olimpiki ya kwanza ambapo wanawake waliruhusiwa kushindana dresaji na wanaume, alichukua medali ya fedha. Mwaka 1956 akachukua tena.

Baada ya duara, fanya mabadiliko ya mwendo, mengi. Hatua kwenda troti, troti kwenda hatua, hatua kwenda kusimama. Ishirini kwa kipindi kimoja si mengi. Badilisha kila baada ya hatua 12 hadi farasi aanze kukusikiliza, kisha badilisha mahali, asije akakariri. Kusimama kunapimwa kwa miguu minne kama ya meza, na utulivu wa angalau sekunde tatu. Akisimama mguu mmoja wa nyuma umebaki nyuma, usimrudishe nyuma kuurekebisha, mwombe hatua moja ya mbele kwa mguu wa upande ule. Na ujue ulimsimamisha kwa mkono: mgongo wa farasi hushuka unapovuta, na miguu ya nyuma huachwa huko.

Mwendo wa kando unaanzia mahali rahisi. Pinda kutoka upande mfupi ukiwa mita 5 ndani ya ubavu, nenda sawa hatua tano, kisha mguu wako wa ndani umsukume farasi aelekee ubavuni, mwili wake ukibaki sambamba na ubavu na pua ikiwa imegeuka kidogo tu upande ambao hauendi. Uone jicho moja la ndani, usione shavu zima. Kosa la kila siku ni mabega kufika ubavuni kabla ya matako, kwa sababu shingo imepindwa mno. Fanya hivi: hatua mbili za kwenda kando, hatua mbili za kwenda sawa, mbili kando, mbili sawa. Hilo likikaa, ndipo uje bega-ndani, zoezi tulilorithi kutoka Ufaransa ya karne ya 18: mabega yanaletwa ndani ya njia kwa pembe ya kama digrii 30, miguu ikiacha nyayo kwenye mistari mitatu. Anayetazama kutoka mbele ataona miguu mitatu. Akiona minne, pembe imezidi. Akiona miwili na shingo iliyopinda, umepinda shingo tu.

Kanta inawaumbua waliotoka kwenye vizuizi. Wanainama mbele kumsaidia farasi, na kwa kuinama wanazipa uzito bega na mguu ule ule unaopaswa kuinuka. Kwa kanta ya kulia mguu wa kwanza kukanyaga ni wa nyuma wa kushoto. Kwa hiyo mguu wako wa kushoto urudi nyuma kidogo ya mkanda, wa kulia ukae kwenye mkanda, mfupa wako wa kukalia wa kulia usogee mbele, kituo-nusu, na usubiri ukiwa wima. Akitoka kwa mguu usio sahihi, usimkimbize kwa troti ya haraka ndipo umwombe tena. Rudi hatua, tengeneza duara la mita 10 hadi apinde, omba tena. Kanta inayozaliwa kwenye mbio ni mbio.

Kuhusu mashindano tuseme machache. Kila kipengele kinapewa 0 hadi 10, nusu pointi zikikubalika: 0 hakikufanywa, 4 hakitoshi, 6 kinaridhisha, 7 kizuri kiasi, 8 kizuri, na jumla hugeuzwa asilimia. Mwanzoni asilimia 60 ni heshima. Pointi rahisi zinapotea kwenye vitu visivyohitaji kipaji: mabadiliko yafanyike mwili wa mpandaji unapopita herufi, si kichwa cha farasi, mstari wa kati upandwe ukitazama C na si shingo, hatamu zote ziende mkono mmoja wakati wa salamu, mkono wa pili ushuke, kichwa kiiname. Na wa safari wafunge midomo. Kupiga ulimi au kumsemesha farasi mbele ya jaji kunakatwa pointi.

Wiki ya mwanzo hadi miezi mitatu iwe hivi: siku nne, dakika 40 kila siku, kumi za mwanzo ni hatua na hatamu ndefu, tano za mwisho vile vile. Siku ya tano mpeleke milimani kwa hatua; miinuko inajenga miguu ya nyuma kuliko mazoezi yoyote ya uwanjani. Wakati wa kiangazi ardhi ikiwa ngumu kama sakafu, punguza troti ya kukaa na kanta. Ukanda wa puani uachie vidole viwili juu ya mfupa wa pua. Farasi asiyeweza kutafuna lijamu hawezi kulegeza taya. Meno yakaguliwe mara moja kwa mwaka, kwani jino lenye ncha linafanana kabisa na ukaidi. Msimu wa mvua maliza mazoezi mapema na farasi aingie bandani kabla ya machweo, hata akiwa amechanjwa, kwa sababu visubi wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika huuma zaidi tangu jioni hadi alfajiri.

Kwa swali la wiki ngapi: mpandaji mzoefu anayefuata ratiba hiyo, na mwalimu aliye chini akimtazama angalau mara moja kwa wiki, huhitaji miezi sita hadi mwaka kabla ya kupanda jaribio la mwanzo bila kumsumbua farasi. Ngazi ya Grand Prix, ya juu kabisa, si ya kuulizia mwaka huu. Farasi mwenyewe haruhusiwi kuingia huko kabla hajatimiza miaka 8.

Ombi moja kwenu, Mhariri. Picha iliyoambatana na makala ilikatwa nyuma tu ya tandiko. Mpiga picha akija tena, asimame usawa wa E au B, amchukue farasi mzima akiwa kwenye troti, na mhariri wa picha aiache miguu ya nyuma.

Wakufunzi wawili na saisi mmoja,
Nairobi